Nani Atalala Ukutani

Wajukuu za dada yangu mlioko Tanga, nimesikia kwamba wawili kati yenu mmeshachumbia. Nami mzee wenu wa Bukini, yaani Madagaska, niliyetengeneza vitanda maisha yangu yote, swali mlilonitumia ni hili: kitanda kizuri ni kipi, cha mbao au cha chuma? Nilicheka, kisha nikaudhika, kisha nikakaa kuwaandikia. Mnivumilie Kiswahili changu. Hapa Mahajanga ni Kimalagasi na Kifaransa, nyumbani tulichanganya na Kikomoro, na Kiswahili nilichobaki nacho ni cha chuoni na cha mabaharia wa zamani. Watu nitakaowataja walisema kwa lugha zao, mimi nawaandikia kwa yenu.

Chuma kinapiga kelele, na kwa hewa yetu ya pwani kinashika kutu. Haya, swali lenu nimelijibu. Sasa nisikilizeni.

Kitanda cha kwetu kina matendegu manne ya kusimamia, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, kimoja kichwani na kimoja miguuni. Mfumbati wa nje unatiwa nakshi, maana ndio wageni watakaouona, na unashushwa kidogo ili anayelala upande huo akae kitako na miguu ifike chini. Mfumbati wa ukutani unaachwa mtupu, tena juu kidogo. Anayelala ukutani ametulia, hana haraka, hakuna anayemwita. Anayelala nje ndiye mwenye kuamka. Kwa hiyo fundi asiyejua nani atalala wapi anakata mbao kwa kubahatisha, na wengi wanakata hivyo hivyo hadi leo.

Mimi nilifundishwa na Fundi Mbaraka wa Marodoka, kule kisiwa cha Nosy Be. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kikohozi cha vumbi la mbao na maneno machache ya kuudhi. Ukikosea alikuwa hakupigi. Alikitundika kile ulichokiharibu mlangoni, kila mteja akiingia anauliza, nawe unaeleza. Ulimi wa mbao, ule wa kuingia tunduni, nilioukata mfupi ulining'inia pale mpaka nikawa natamani karakana iungue.

Lakini naye alikuwa na lake la kumtundikia. Ujanani alitengeneza kitanda cha harusi akakigandisha kwa gundi viungo vyote, kikawa imara kama gati. Siku ya kukipeleka, hakipiti mlangoni. Wakakigeuza, wakakisimamisha, mama mkwe akawa analia, mwisho wakabomoa ukuta na bwana harusi akaoa katika nyumba yenye tobo. Tangu hapo Fundi Mbaraka aliacha gundi. Alifunga viungo kwa kabari, vipande vya mbao vya kugongomea ambavyo ukitaka unavigonga vikatoka, na kitanda kinafunguka. Tena akaanza kuuliza kabla ya kushika msumeno: kitakaa wapi?

Hapo ndipo alipogundua jambo lililomfanya awe fundi wa namna yake. Alimuuliza mwanamume, akajibiwa hivi. Akamuuliza mwanamke, akajibiwa vingine. Wote wawili wana uhakika, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake.

Basi akaweka sharti. Hakati ubao mpaka waje wote wawili. Wazee walinung'unika, kwa sababu siku zile wachumba wetu hawakukaa pamoja wakazungumza. Wangezungumza wapi? Lakini kwenda kupimiwa kitanda si kuonana, ni shughuli. Binti alikuja na shangazi yake, kijana akaja kwa miguu yake, shangazi akapewa kiti cha heshima pale mlangoni penye upepo, na wachumba wakakaa ndani, kwenye benchi, mmoja huku na mmoja kule.

Kisha Fundi Mbaraka ananiambia, "Piga randa."

Nilipofika kwake mara ya kwanza sikuelewa. Ubao ulikuwa umeshalainika, hauna hata chembe ya kupunguza, naye ananiambia piga randa. Nikapiga. Nikasimama kufuta jasho, akanikodolea macho. Nikapiga tena. Ilinichukua muda kujua kwamba kelele ile ndiyo kazi yenyewe. Randa ikilia, shangazi aliye mlangoni haambulii neno. Anaona wachumba wanazungumza na fundi anapima, ameridhika. Mbao ngapi zilikwenda na maji kwa namna hiyo, Mungu anajua. Kwa maranda yale tulichemsha chai ya mtaa mzima.

Maswali ya Fundi Mbaraka hayakuwa ya falsafa. Kitakaa wapi? Nani atalala ukutani? Na usiku nani atakuamsheni? Anawauliza hayo, kisha anajifanya anatafuta penseli. Alikuwa akitafuta penseli iliyo nyuma ya sikio lake mpaka chai inapoa.

Msilione hili la tatu kama mzaha, kama nilivyoliona mimi. Nimemsikia kijana wa kiwanda cha sukari akijibu, "King'ora cha kazi kitaniamsha, nalala nje," na binti akasema hapana, mimi ndiye nitalala nje, maana naamka kabla ya king'ora kukaanga vitumbua vya kuuza. Yeye kijana hakujua kama mkewe anakusudia kuuza vitumbua. Wakabishana pale mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Wengine walicheka tu. Binti mmoja aliniangalia mimi, akamwangalia mchumba wake, akauliza, "Unakoroma?" Kijana akaapa hakoromi. Shangazi akapaza sauti mlangoni kwamba baba wa kijana anakoroma mpaka mbuzi wanakimbia, na hapo ndipo tulipojua kwamba shangazi yule ana masikio makali na randa yangu haikumtosha.

Nilipokuja Mahajanga kufungua karakana yangu mwenyewe, mtaa wa Mahabibo, nilikuja na randa na lile sharti. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Bendera ilikuwa mpya, watu walikuwa wanajenga, vijana wanapata kazi bandarini na maofisini, na kila mwenye kazi anataka kuoa. Mbao zilianza kuja kutoka mashine ya kupasulia zikiwa laini tayari. Wenzangu wakatupa randa zao. Mimi niliambiwa nimepitwa na wakati, nami sikubisha. Sikuwaambia randa ile ninaitunza kwa kazi gani.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niudhike na swali lenu.

Alikuja kwangu mzee mmoja aitwaye Madi, mjomba wa kijana Abdala aliyekuwa akifanya kazi kwenye matishari, zile mashua bapa zinazoshusha shehena kutoka melini. Nilimjua Abdala. Alikuwa mpole, mwenye mabega mapana, anayesalimia mpaka watoto. Mjomba akasema Abdala anaoa binti kutoka Nosy Be, na kwamba chumba kimeshaongezwa nyuma ya nyumba, mbao za palisanda zimeshanunuliwa, nianze kazi. Zile mbao zilikuwa nzuri kweli, nyekundu na nzito. Nikazipokea, nikasema nitaanza wachumba wakija. Mjomba Madi akasema mchumba yuko kisiwani, kwa nini aje, mimi niko hapa, niulize mimi.

Kabla sijamjibu vizuri, nikapata habari kwamba mwalimu wangu anaumwa. Nikapanda meli kwenda Nosy Be kumtazama. Nilimkuta Marodoka, amekonda, lakini yuko karakanani, na mbele yake kuna kitanda, matendegu yameshachongwa. Nikamuuliza ni cha nani.

"Cha Zaliha wa Ambanoro," akasema. "Wajomba zake wameniletea kazi. Anaolewa na mtu wa matishari huko kwenu, Abdala. Mume anahamia huku kisiwani, nyumba ya binti imeshapauliwa."

Nikakaa chini. Vitanda viwili, harusi moja.

Nanyi wa Tanga pengine hamtaelewa kosa hili linavyotokea, kwa hiyo nieleze. Kina Zaliha asili yao Ngazija, huko Komoro, na kwao nyumba ni ya mwanamke. Binti anajengewa na watu wake, mume ndiye anayekuja na sanduku lake la nguo. Kina Abdala ni watu wa pwani hii wa siku nyingi, wamechanganya Uarabu na Umalagasi, nao kwao mke ndiye anayeletwa. Kila upande ulikuwa unafuata mila yake kwa moyo safi kabisa. Walikubaliana mahari, walikubaliana mwezi, walikubaliana hata idadi ya ng'ombe. Nani atamfuata nani hawakulitaja, kwa sababu kila mmoja aliona ni jambo linalojulikana na mtoto mdogo.

"Umewauliza?" Fundi Mbaraka akaniuliza.

"Nimezungumza na mjomba."

"Mjomba hatalala hapo," akasema, akakohoa sana. "Waite wenyewe."

Ilikuwa bahati kwamba Zaliha alikuja Mahajanga baadaye kidogo kununua nguo za harusi, akafikia kwa jamaa, pamoja na shangazi yake, Bi Eshati. Nikapeleka ujumbe kwamba siwezi kukata palisanda ya watu bila kupima. Wakaja kwa pusipusi, wamebanana wawili kwenye kigari kile, mkokotaji anahema. Zaliha alikuwa na liwa usoni, macho makubwa, na namna ya kutazama kitu mpaka akimalize. Nikamweka Bi Eshati mlangoni. Abdala akaja moja kwa moja kutoka bandarini, amenawa lakini ananuka chumvi. Wakakaa kwenye benchi langu. Nikachukua randa.

Nikawaambia kuhusu vile vitanda viwili. Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka.

"Mimi nilijua unakuja huku," Abdala akasema.

"Nami nilijua unakuja kwetu."

Nikapiga randa. Nikawauliza lile swali la tatu, nani atakuamsheni usiku, na nikainamia ubao.

Zaliha ndiye aliyeanza. "Mama," akasema. "Mama yangu haoni. Anaamka usiku, hajui ni usiku, anatoka nje, anakwenda huku na huku. Mimi ndiye ninayemrudisha. Wajomba wamekataza nisiseme. Wanasema mkijua mtaogopa watoto wasije wakazaliwa hivyo."

Abdala alimtazama mpaka randa yangu ikaanza kwenda yenyewe. Kisha akasema, "Mimi nina mtoto. Yuko Katsepy, kwa watu wa mama yake. Mama yake alikwisha kufa. Kila nikipata nafasi navuka na feri kwenda kumwona. Nilitaka nikishaoa nimchukue alale kwangu. Mjomba akasema kwanza uoe, mke atazoea baadaye."

"Ana umri gani?"

"Ndiyo kwanza anaacha kunyonya kidole."

"Anaamka usiku?"

"Sijui," Abdala akasema. "Sijawahi kulala naye nyumba moja." Na akalia, mwanamume mzima, na mimi nikapiga randa kwa nguvu zaidi ili Bi Eshati asisikie.

Wajukuu zangu, nimeona watu wengi wakivunjikiana pale kwenye benchi. Hawa hawakuvunjikiana. Walizungumza mpaka ule ubao ukawa mwembamba wa kutazamia jua. Zaliha akauliza kama kile chumba kilichoongezwa kina dirisha. Akauliza kama pana kingine cha pili. Akasema nyumba ya Ambanoro anaweza kumwachia mdogo wake, na mama akishikwa mkono na yeye atapanda meli, maana hana mwingine wa kumtegemea. Abdala akasema ataweka kizuizi mlangoni ili mama asitoke, na kwamba mtoto na bibi wasiojua usiku watakuwa wenza wazuri. Hapo wakacheka kwa mara ya kwanza. Wakaniambia, "Fundi, andika: Zaliha nje, Abdala ukutani." Kisha Abdala akasema hapana, tutapokezana, mifumbati yote miwili ishushe. Sijawahi kuambiwa hivyo kabla ya hapo wala baada. Nilifurahi siku ile, siwafichi, niliona kazi yangu ina maana.

Walipokuwa wanaondoka Zaliha akasema, "Tuwaambie wenyewe wazee wetu. Wasisikie kwa watu."

Nami nikasema vizuri. Nani angesema vibaya?

Wakawaambia. Mambo yakaharibika kwa upesi ambao hata leo sijauelewa. Wajomba wa Zaliha walisema binti yao hawezi kuacha nyumba aliyojengewa akamfuata mwanamume kama hana kwao, amchukue na mama yake, akalee na mtoto wa mwanamke mwingine. Mjomba Madi akasema wamefichwa habari ya upofu, na kwamba hatakubali mkwe kipofu afe mikononi mwao halafu waambiwe ni wao waliomuua. Kila upande ulikasirikia siri ya mwenzake, lakini kilichowachoma zaidi ni kwamba ya kwao wenyewe imetoka. Mahari ikarudishwa. Zaliha akapandishwa meli kabla nguo hazijashonwa. Abdala alikimbilia bandarini, nikaambiwa, lakini Bi Eshati alishamwingiza binti melini na kufunga mlango wa chumba.

Msije mkaniuliza kama nilijuta kuwaita. Nimelifikiria mpaka nimechoka. Wengi wamezungumza, wakaoana, wakaishi. Mke wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alinijibu lile swali la tatu kwamba mimi ndiye nitakayemwamsha, kwa kikohozi, na ikawa hivyo hadi mwisho wake. Hawa wawili walisema ukweli kuliko wote, na ukweli wao uliwaangukia. Sina namna ya kulipamba hilo likapendeza.

Ile palisanda ilikaa karakanani. Mjomba Madi, kwa hasira, hakurudi kuichukua. Fundi Mbaraka alimaliza kitanda cha Ambanoro kabla hajafa, na Zaliha akaolewa juu ya kitanda hicho hicho na mtu mwingine, wa ukoo wao, mwenye duka, mtu wa heshima. Hakuna aliyeitwa kwenye benchi. Wajomba walisema vipimo vimeshajulikana.

Miaka mingi ilipita. Nilikwenda Nosy Be kwa maziko ya jamaa, na pale pale nikaitwa Ambanoro, kuna kitanda kinalia, wamesikia mwanafunzi wa Fundi Mbaraka yupo. Nikaenda. Mume wa Zaliha alinipokea kwa adabu, akanikaribisha chumbani, kisha akatoka akakaa mlangoni na tasbihi yake. Zaliha alikuwa amenenepa, ana mvi mbili tatu, lakini alinitazama vile vile, mpaka akanimaliza.

Nikakagua kile kitanda. Kabari zilikuwa zimelegea, hilo ni jambo la kawaida. Mfumbati wa nje, wenye nakshi, ulikuwa umelika pale mwanamume anapokaa kuvaa viatu. Mfumbati wa ukutani ulikuwa kama umechongwa jana. Lakini kitakizo cha miguuni, mbao ambayo hakuna mtu mwenye sababu ya kuikanyaga, kilikuwa kimelika upande wa ukutani, kimeingia ndani, laini, umbo la unyayo. Ndipo nikajua kitanda hiki kimelaliwa vipi. Zaliha alilazwa ukutani, na kila alipoamka kumfuata mama yake alitambaa hadi miguuni, akakanyaga pale, akashuka.

"Mama yupo?" nikauliza.

"Alikwisha kufa zamani."

"Na wewe bado unashukia hapa."

"Nimezoea kuamka. Naamka, nakaa jikoni, narudi."

"Mumeo anajua?"

Akatazama mlangoni, mgongo wa mumewe, tasbihi inavyokwenda. "Si mtu mbaya," akasema. "Hajawahi kuniuliza."

Kisha akasema polepole, "Fundi, piga randa."

Nilikuwa na randa mfukoni mwa begi langu. Nikaiweka juu ya kitakizo kile, nikaanza. Zaliha akasogea karibu.

"Yule mtoto wa Katsepy," akasema, "alipata kulala kwa baba yake?"

"Alipata. Alimchukua mwaka ule ule. Kwa ile palisanda ya kitanda chenu nilimtengenezea mtoto kitanda kidogo."

"Na baba yake akaoa?"

"Hapana."

"Mtoto alikuwa anaamka usiku?"

"Alikuwa anaamka. Abdala aliniambia. Mifumbati yote miwili niliishusha."

Alikaa ukingoni pa kitanda chake akijifuta macho kwa ncha ya leso. Mbao ilikuwa imeshalainika, haina cha kupunguza tena. Mumewe akauliza kutoka mlangoni kama kazi imekwisha.

Nikamwambia bado kidogo, nikaendelea kupiga randa.